Nilivyofika Doldol Kutafuta Uzi wa Soksi

Mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa jibu fupi, kisha nikasikia majibu yangu yamezunguka mji mzima na kunirudia yameota mapembe. Eti nilienda Doldol kununua kondoo wa mahari. Eti nilifukuzwa Karatina kwa kutaka kuchoma duka. Hilo la pili lina ukweli kidogo. Nimeamua kuyaandika yote mara moja, ili Jumatano tukikutana kufuma tuongee mambo mengine.

Kwa wale ambao hawakuwepo nilipoanza kulalamika: Nyambura, kifungua mimba wangu, hubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kenya, na anataka kuwa kiongozi wao. Msimu uliopita alishuka na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi kama ndizi iliyosahaulika kwenye kapu. Vilipona. Lakini daktari alimwambia wazi kwamba baridi ikivipata tena, vitakatwa. Naye mkubwa wao wa kazi akamwambia atampandisha mara moja zaidi, kwa majaribio. Akishuka anachechemea, atafute kazi ya kuuza simu mjini.

Nilizishika zile soksi alizokuwa amevaa. Soksi za rangi nzuri, za dukani. Siku mbili baada ya yeye kushuka, zilikuwa bado mbichi. Nikasema mwanangu hapandi tena na takataka hii, nitamfumia mimi. Safari ya majaribio ilipotangazwa, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Niliona nina muda wa kutosha na hata wa kubaki.

Nyeri hadi Karatina

Maduka ya Nyeri niliyamaliza kabla ya chai ya saa nne. Kote ni uzi ule ule tunaofumia sweta za shule: laini, wa bei ya kuridhisha, na ni plastiki tupu. Kwa sweta ya mtoto anayekaa darasani sina neno nao. Ila mguu unatoka jasho, theluji inayeyuka juu ya kiatu, na uzi wa namna hiyo ukishalowa umekuwa kitambaa cha kupigia deki. Sufu ya kondoo hata ikilowa inaendelea kutunza joto. Hilo nilifundishwa na mama yangu, ambaye hakuwahi kupanda mlima wowote lakini alichuma majani chai kwenye ukungu miaka yote.

Mtu wa duka la mwisho akaniambia nijaribu Karatina. Kutoka Nyeri, ukiwa unaelekea Nanyuki kama nilivyopanga, kupitia Karatina ni sawa na kwenda msalani kupitia kwa jirani, lakini nilikwenda. Ilikuwa siku ya soko. Nilipita katikati ya ndizi, viatu na watu wenye vipaza sauti hadi nikafika kwenye duka la msichana mmoja mwenye kucha ndefu kuliko sindano zangu.

"Mum, karibu. Hii ni pure wool," akasema, akinionyesha bunda la kijivu. "Si unaona hata wamechora kondoo hapo?"

Kweli kondoo alikuwa amechorwa, anatabasamu. Mimi huwa siamini picha. Nilivuta kipande cha uzi, nikatoka hadi mlangoni, nikawasha kiberiti. Sufu ikiungua hunuka kama nywele zilizochomwa na pasi, na inabaki majivu ya kusagika. Huu uliyeyuka, ukatoa moshi wa ndoo ya plastiki, ukawa ushanga mweusi ulionishika kwenye ukucha. Nikapiga kelele kidogo.

Basi ndiyo ikawa ajali. "Woi, huyu mum anachoma duka!" Jirani yake anayeuza samaki wa kukaanga, mtu mwenye roho nzuri kupita kiasi, hakuuliza swali lolote. Alichukua beseni na kunimwagia maji ya kuoshea samaki kuanzia kiunoni kwenda chini. Moto wenyewe ulikuwa umezimika zamani.

"Pole, mathe," akasema. "Niliona moshi."

Nilikaa kwenye hoteli moja nimefungwa leso ya kuazima, nikala mukimo na nyama ya kuchemsha, sketi yangu ikikauka karibu na jiko lao la makaa. Mukimo ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila mteja aliyeingia alinusa mara mbili na kumuuliza mwenye hoteli kama leo kuna samaki.

Karatina hadi Nanyuki

Sehemu hii ilipaswa kuwa rahisi. Kabla ya Naro Moru tulikuta lori la kabichi limelala katikati ya barabara, na dereva wake ameketi juu yake kama mfalme, akipiga simu. Tulisimama hapo mpaka jua likaanza kushuka. Watu walishuka kusaidia kuokota kabichi, kisha nikagundua hawasaidii. Baba mmoja mwenye koti la suti alirudi na tatu, akaniwekea moja mapajani.

"Hii ni yako, mama. Usikatae baraka."

"Hii ni ya mwenye lori."

"Mwenye lori ako na mingi."

Niliirudisha mwenyewe hadi kwa dereva, na dereva akanigombeza kwamba mimi ndiye mwizi. Nililala Nanyuki kwa binamu yangu nikiwa sina uzi, sina kabichi, na nanuka samaki.

Asubuhi, Ijumaa, nilienda kwa Mzee Abdi, mwenye duka la nyuzi na vitambaa ambalo binamu yangu huliamini. Wateja walikuwa wamejaa, nikangoja zamu yangu kwenye foleni iliyokuwa haina mwisho wala mwanzo. Nilipofika mbele, akatazama saa, akaomba radhi, akafunga duka akaenda msikitini. Siwezi kumlaumu mtu kwa kuswali. Nililaumu foleni. Nilikaa kwenye ngazi nikala sambusa mbili zenye pilipili iliyonitoa machozi, na kila aliyepita aliniamkia kwa huruma akidhani nimefiwa.

Aliporudi nilimweleza shida yangu. Sikumficha kitu, hata vidole nilimweleza. Hakunichorea kondoo.

"Mama, mimi sitakudanganya. Sufu hapa sina. Hii yote ni ya kiwanda. Ukiwa na baridi kavu, sawa. Ukiloa, umekwisha." Kisha akafungua droo na kunipa kibunda kidogo cha uzi mwembamba wa nailoni. "Lakini hii chukua. Kisigino na vidole, unashikanisha na sufu. Sufu peke yake itatoboka kwa kiatu."

Nikajua huyu anajua kazi. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Badala ya kumuuliza sufu iko wapi, mimi kwa haraka zangu nilimuuliza, "Na kondoo wengi wako wapi huku?"

"Kondoo?" Akanitazama. "Kondoo ni Doldol. Huko kondoo ni mingi kuliko watu. Na kesho ni soko."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa na nafasi ya kukumbuka methali?

Nanyuki hadi Doldol

Mimi nimezaliwa nikiona kondoo. Kwetu kondoo ni mnyama aliyevaa blanketi zito, lenye mafuta na mbigili, na akinyeshewa ananuka mpaka ndani ya nyumba. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna kondoo wa namna nyingine. Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu ya jinsi nitakavyoosha sufu, nitakavyoichambua, na ni nani atanisokotea. Nchi ikazidi kukauka, miti ikawa ya miiba, mlima tukauacha nyuma yetu mgongoni, na mimi natabasamu peke yangu dirishani.

Soko la mifugo lilikuwa limeshika moto. Kondoo walikuwepo kweli, mamia kwa mamia, wekundu, weupe, wenye mabaka, wenye mikia minene. Niliwaangalia kwa mbali nikadhani wametoka kunyolewa. Nikajipenyeza hadi kwa mmoja, nikaweka mkono mgongoni kutafuta hata mabaki. Nywele! Nywele fupi, laini, zimelala kama za mbuzi. Nikamshika wa pili, nikabonyeza nyuma karibu na mkia. Nywele. Wa tatu. Nilikuwa nimeanza kutokwa na jasho.

Sikujua kwamba kule, mtu anayebonyeza mgongo wa kondoo anapima mafuta, na anayepima mafuta ananunua. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimezungukwa na wanaume wenye fimbo na shuka.

"Hii mama anajua kondoo," mmoja akawaambia wenzake. "Ona vile anashika. Sema bei yako, mama."

"Sinunui kondoo."

"Hiyo ndiyo bei ya kwanza?" Wakacheka. "Sema ingine."

"Jamani, nataka manyoya yake tu."

Wakatazamana, wakashauriana kwa Kimaasai. "Ngozi?"

"Si ngozi! Ya juu ya ngozi."

"Bila ngozi? Na kondoo inabaki?"

"Inabaki. Tunanyoa, anaenda nyumbani."

Kijana mmoja akatumwa mbio, nikapata tumaini. Akarudi na ngozi ya kondoo iliyokauka ikawa ngumu kama mabati, akaisimamisha mbele yangu wima, nayo ikasimama. Nilitaka kulia. Wakati huo huo simu ikaita, na ilikuwa Nyambura.

"Mami, uko wapi? Kuna kelele."

"Niko Doldol."

"Doldol! Unafanya nini Doldol?"

"Nakutafutia soksi."

Nilisikia pumzi yake ndefu. "Mami, si soksi ziko hapo tu kwa stage ya matatu? Tatu kwa bei ya moja."

Nilikata simu. Wasichana hawa! Vidole ni vyake, usingizi unaopotea ni wangu.

Aliyeniokoa ni mwanamke aliyekuwa akiuza chai chini ya turubai, anaitwa Naserian. Aliwafukuza wale wanaume kwa maneno matatu ambayo ningependa kuyajifunza. "Yeyo," akaniita, yaani mama, "kuja hapa unywe chai kwanza." Alinipa chai yenye maziwa yaliyonuka moshi wa kibuyu, na mkate wa kupika kwenye sufuria, nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kondoo yenu ya Nyeri iko na sweta," akasema. "Yetu haina. Hii jua yote, sweta ya nini?"

Jibu lilikuwa rahisi na la haki, na lilinikasirisha kuliko kama angenitukana. Nimesoma, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na nimesafiri mpaka mwisho wa barabara kutafuta sweta mahali pa jua.

Halafu gari nililokuwa narudi nalo likajaa watu wa soko, na nafasi iliyopatikana ilikuwa nyuma ya pikapu, pamoja na kondoo wanaopelekwa Nanyuki. Niliketi juu ya gurudumu la akiba. Mwanakondoo mmoja alichagua mapaja yangu kuwa kitanda, akakojoa, akaendelea kulala. Nilimpapasa njia nzima nikimwambia kwamba hana faida yoyote kwangu. Alikuwa wa joto, hilo namkubalia.

Nanyuki hadi Timau

Jumatatu nilimvamia Mzee Abdi kabla hajamaliza kufungua mlango. Sikumwamkia hata vizuri, na mtu wa umri ule!

"Mzee, umenituma Doldol! Kondoo wa kule wana nywele!"

Alipoelewa, akashika kaunta kwa mikono miwili. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. "Mama, nisamehe. Nilikuambia sufu sina, ukaniuliza kondoo. Nikajua umeacha soksi, unataka ya sherehe. Si umesema uko na msichana mkubwa? Nilifikiri ni mambo ya ndoa."

Kumbe uvumi wa mahari ulianzia hapo. Alinikalisha, akaniagizia chai ya tangawizi, akapigia simu mwanamke mmoja wa Timau anayenunua rangi kwake. "Huyo anafuga ya baridi," akasema. "Ile yenye sweta." Nilikuwa nimemsimulia kila kitu cha Doldol katika hasira yangu, na sasa analirudisha neno la Naserian.

Mama Kendi wa Timau alinipokea kwa sahani ya githeri yenye parachichi juu, kabla sijasema nimetoka wapi. Kondoo wake walikuwa nyuma ya nyumba, wazito, wachafu, wamejaa mbigili. Nilikaribia kuwabusu. Ndani alikuwa na gurudumu la kusokotea, na kwenye rafu mabunda ya uzi wa mkono. Niliomba kipande, nikaenda nje mbali na kila kitu, nikawasha kiberiti. Nywele! Nilinusa tena kwa raha yangu.

Lakini safari hii haikutaka kuniacha. Mama Kendi alinitolea bunda jeupe, laini, linaloingia mkononi kama pamba. Uzi huo huwauzia wageni wa kufuma shali. Nilipoukunjua niliona haujasokotwa sana. Ukiuvuta kidogo, unaachana wenyewe. Kwenye kiatu, juu ya mawe, ungemaliza siku mbili. Nikamwonyesha bunda la pembeni, la kijivu, gumu, linalochoma mkono, ambalo hufumia zulia.

"Naomba lile."

"Hiyo? Hapana. Hiyo ni ya chini, ya kukanyagwa."

"Ndiyo nataka ikanyagwe."

"Mama, umetoka Nyeri mpaka hapa, unakula kwangu, halafu nikupe ile mbaya? Watu watasema nini?" Alikuwa ameudhika kweli. "Ati mtoto wako avae zulia?"

Tulivutana hapo mpaka githeri ikapoa. Kila nikitaja kijivu, yeye anapunguza bei ya nyeupe. Akafika mahali pa kunipa nyeupe bure, ilimradi nisimwaibishe. Nilipoona maneno yamekwisha, nilichukua uzi mmoja wa kila aina, nikapiga magoti kwenye ngazi yake ya mawe, nikaanza kuzisugua pamoja, kama mwendawazimu. Nyeupe ikaota manyoya, ikakonda, ikakatika. Kijivu ikabaki inanitazama.

Nikamweleza habari ya vidole. Mpaka hapo nilikuwa nimemwambia "soksi" tu, naye akadhani ni soksi za kukalia jioni. Akaketi chini kando yangu kwenye ngazi.

"Ungesema ni mlima," akasema. "Mdogo wangu alikuwa anabeba huko. Sasa anatembea na fimbo."

Hakukuwa na mabishano tena. Uzi wa zulia ulikuwa wa uzi mmoja mmoja, na soksi inataka nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, zikaze, ndipo zistahimili. Gurudumu lake lilikuwa na mshipi uliokatika, bila shaka, maana ilikuwa wiki yangu. Basi tukafanya kama tunavyosokota katani ya kusukia kikapu cha kiondo: sketi juu, majivu kidogo pajani, unaviringisha kwa kiganja kwenda mbele, unarudisha kwa pamoja. Yeye upande mmoja wa benchi, mimi upande mwingine, mapaja nje. Mume wake aliingia akiwa na ndoo ya maziwa, akasema "Ngai!" akatoka kinyumenyume. Hatukumwona tena mpaka naondoka. Mapaja yangu yaliungua siku tatu.

Timau hadi nyumbani

Nilifuma kuanzia Jumanne, kwa sindano nyembamba, nikibana mpaka vidole vyangu vikauma. Uzi mnene ukifumwa kwa kulegea ni wavu tu. Kisigino na ncha nikashikanisha na ile nailoni. Ijumaa jioni Nyambura alizivaa, akakunja uso.

"Zinachoma, Mami."

"Zichome. Ndiyo kazi yake."

Akapanda. Siku zile sitaziandika, mnazijua, mlikuja kukaa na mimi. Kila asubuhi nilitoka nje kuutazama mlima, na kila asubuhi ulikuwa umejifunika. Nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hutoka kama hasira, kwa hiyo wale niliowajibu vibaya mnisamehe.

Aliporudi nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Hakuingia anachechemea. Aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akavua soksi. Zilinuka kondoo aliyenyeshewa, zilikuwa bado na maji, na kisigino kilikuwa kizima. Alisema mvua iliwashika kabla ya kambi, kila mtu akalowa, na yeye alilala na joto. Sikusikia vizuri. Nilikuwa naangalia vidole. Vilikuwa vyekundu, vyote, na anavichezesha.

"Amenipitisha, Mami! Mkubwa amesema nianze kuongoza. Kila mwezi nitakuwa napanda, wakati mwingine mara mbili!"

Akainuka, akaanza kucheza dansi pale katikati ya jikoni, miguu mitupu juu ya saruji. Kila mwezi. Nilizunguka nusu ya nchi, nikamwagiwa maji ya samaki na kukojolewa, ili mtoto wangu aweze kwenda kule kila mwezi. Kama ningefuma vibaya angekuwa nyumbani siku zote, na ningekuwa mama mwenye amani. Nilisimama na kisu mkononi, sijui nicheke au nimpige, na machozi yakawa yananitoka, na vitunguu nilikuwa nimeshamaliza kuvikata.

"Nyambura!" nikamfokea. "Vaa slipa! Sakafu ni baridi!"